Jumamosi moja, vijana sita: ulinganisho wa makwotabeki wa drafti ya 2024

Shemeji yangu anaishi Chicago, mimi naishi Minnesota, na kila ifikapo Aprili simu zetu hazipoi. Kwenye mpira wa Kimarekani, yeye ni wa Bears, mimi ni wa Vikings. Timu zetu ziko kundi moja na hukutana mara mbili kila msimu. Usiku wa Aprili 25, 2024, drafti ilipokuwa inaanza kule Detroit, alinipigia kabla jina la kwanza halijatajwa. "Shemeji, weka ushabiki kando. Ungekuwa wewe ndiye mwenye kuchagua, na unapewa mmoja tu kati ya hawa sita, unamchukua nani?"

Nilimjibu haraka haraka nikiwa njiani kwenda zamu ya usiku, na jibu lenyewe lilikuwa sahihi nusu. Nimelifikiria sana tangu siku ile. Swali hilo hurudi kila mwaka likiwa na majina mapya, na naona watu wetu wengi wanaoufuatilia mchezo huu wakichagua kwa kuangalia vipande vya video vya dakika mbili, ambamo kila kijana anaonekana mfalme. Nataka nionyeshe njia nyingine ya kuwapima, nikitumia darasa lile la 2024, kwa kuwa sasa tumeona mengi ya walikofikia.

Kwa anayeanza: kwotabeki ndiye anayeupokea mpira kila mchezo unapoanza. Ana sekunde mbili na nusu hivi, tatu akibahatika, za kusoma jinsi wapinzani walivyojipanga, kuamua amrushie nani, na kuuachia mpira kabla majitu ya kilo 120 hayajamfikia. Drafti ni mgao wa vijana wanaotoka vyuoni kuingia NFL, ligi ya kulipwa ya mchezo huu. Timu iliyofanya vibaya zaidi huchagua kwanza, na zamu inaweza kubadilishwa kwa kitu kingine. Chicago walikuwa na zamu ya kwanza mwaka ule kwa sababu mwaka uliotangulia waliwaachia Carolina zamu yao ya juu, wakalipwa mchezaji na zamu kadhaa, ikiwemo ya raundi ya kwanza ya 2024. Carolina wakamchukua kwotabeki Bryce Young, wakashinda mechi mbili kati ya 17, na zamu waliyoitoa ikageuka kuwa namba moja. Kijana wa raundi ya kwanza hupewa mkataba wa miaka minne, na timu ina haki ya kuuongeza wa tano. Ukikosea hapo, kosa lako utalala nalo na kuamka nalo.

Mwaka 2024 makwotabeki sita walichukuliwa ndani ya zamu 12 za mwanzo. Mara ya mwisho sita kuingia raundi ya kwanza ilikuwa 1983, mwaka wa John Elway na Dan Marino. Hizi ndizo namba zao za msimu wa mwisho chuoni, 2023, pamoja na umri wao siku ya drafti (tachidauni ni kuufikisha mpira mwisho wa uwanja, upande wa wapinzani):

Caleb Williams, USC, miaka 22: yadi 3,633, tachidauni 30 za kurusha, mipira 5 iliyonaswa na wapinzani.
Jayden Daniels, LSU, miaka 23: yadi 3,812, tachidauni 40, iliyonaswa 4, na yadi 1,134 za kukimbia mwenyewe.
Drake Maye, North Carolina, miaka 21: yadi 3,608, tachidauni 24, iliyonaswa 9.
J.J. McCarthy, Michigan, miaka 21: yadi 2,991, tachidauni 22, iliyonaswa 4.
Michael Penix Jr., chuo cha Washington, miaka 23: yadi 4,903, tachidauni 36, iliyonaswa 11.
Bo Nix, Oregon, miaka 24: yadi 4,508, tachidauni 45, iliyonaswa 3.

Ukisoma namba hizi peke yake, Nix ndiye wa kwanza na Maye ni wa mwisho. Nix alikamilisha asilimia 77.4 ya pasi zake, rekodi ya msimu mmoja katika ngazi ya juu ya vyuo. Maye alinaswa mara tatu ya Nix, kwa tachidauni zinazozidi kidogo tu nusu ya zake. Lakini namba ni majibu tu. Mwalimu anayesahihisha bila kuyaona maswali atampa alama za juu aliyefanya mtihani wa darasa la nne na kumwangusha aliyefanya wa kidato cha sita. Mimi nauliza kwanza: huyu kijana aliulizwa nini?

Kuna Jumamosi moja inayoonyesha hili vizuri kuliko maelezo yoyote. Ni Novemba 11, 2023. Wote sita walicheza siku hiyo.

Anza na Michigan, waliokuwa ugenini kwa Penn State. Mimi nilikuwa nimekaa na chai yangu, nikimwangalia McCarthy kwa sababu minong'ono ilikuwa imeanza kuwa Vikings wanaweza kumhitaji. Alirusha pasi nane tu mechi nzima. Saba zilifika, yadi 60. Kipindi chote cha pili hakuna pasi hata moja iliyoingia kwenye hesabu: Michigan walikimbia na mpira mara 32 mfululizo, mchezo baada ya mchezo, Blake Corum akijitosa katikati ya msitu wa watu, na McCarthy akikabidhi mpira na kusogea pembeni. Wakashinda 24-15. Ulikuwa ushindi wa kiume dhidi ya ukuta mgumu, na kocha mwenye timu kama ile hana sababu ya kurusha. Ila mimi niliyetaka kujua kama kijana anaweza kuibeba timu siku inapoelemewa, niliinuka kwenye kiti sijui lolote zaidi ya nilivyoketi.

Jioni hiyo hiyo, Louisiana, Daniels alicheza dhidi ya Florida. Wiki moja kabla alikuwa ametolewa uwanjani kule Alabama baada ya kupigwa dafrau lililomtikisa kichwa. Watu wengi walidhani hatacheza. Alirusha yadi 372 na akakimbia yadi 234. Katika ngazi ile ya vyuo hakuna mtu aliyewahi kurusha zaidi ya 350 na kukimbia zaidi ya 200 katika mechi moja. Kwa jumla alikusanya yadi 606, LSU wakashinda 52-35. Ulinzi wa LSU mwaka ule ulikuwa unavuja kama chungu kilichopasuka, kwa hiyo kila mechi swali lake lilikuwa lile lile: unaweza kufunga kila unapoushika mpira? Alijibu ndiyo karibu kila wiki, na mwezi uliofuata akapewa tuzo ya Heisman, ambayo ni ya mchezaji bora wa vyuo nchi nzima.

Kule Oregon, Nix na Williams walikuwa uwanja mmoja. Nix alirusha yadi 412 na tachidauni nne, Oregon 36, USC 27. Williams alirusha 291, akafunga moja kwa pasi. Aliyeangalia ubao wa matokeo alimpa Nix siku ile, na alikuwa na haki. Aliyemwangalia Williams mwenyewe aliona kitu kingine: kijana anayeanza karibu kila mchezo kwa kukimbizwa, walinzi wake, yaani wenzake wa mbele wanaomkinga, wakifunguka kama pazia, naye akizunguka, akirudi nyuma, akitafuta. Mara nyingine alitoa muujiza. Mara nyingine alikuwa na mtu aliyesimama wazi yadi sita mbele yake na hakumwona, kwa kuwa jicho lake lilikuwa tayari linautafuta muujiza. Hilo la pili liliniogopesha tangu siku ile.

Penix aliwashinda Utah 35-28 akiwa na walinzi waliokuja kupewa tuzo ya safu bora ya walinzi nchini na wapokeaji watatu ambao wote waliingia NFL, mmoja wao, Rome Odunze, akichukuliwa wa tisa katika drafti ile ile. Na Maye, kwenye mechi ambayo watu wachache waliiangalia, aliifunga Duke 47-45 baada ya vipindi viwili vya nyongeza. Duke walikuwa wamepata uongozi zikiwa zimebaki sekunde chini ya 60. Maye akaisogeza timu yake uwanjani haraka vya kutosha mpiga teke kusawazisha, kisha mchezo ukaanza upya.

Sasa niwaweke wawili wawili.

Williams na Daniels

Hawa ndio waliochukuliwa wa kwanza na wa pili, Williams na Chicago, Daniels na Washington Commanders ya NFL, na wote wawili walikuwa na Heisman: Williams ya 2022, Daniels ya 2023. Kipaji cha mkono, Williams yuko juu. Anarusha kutoka pembe ambazo wengine hawana, akiwa anakimbia kushoto huku mwili umegeuka. Msimu wa 2022 alipiga yadi 4,537 na tachidauni 42. Msimu uliofuata USC wakaporomoka. Kule Notre Dame alinaswa mara tatu na kufungwa 48-20, na mwanzoni mwa Novemba, baada ya kufungwa 52-42 na Washington ya Penix, alipanda jukwaani akalia mikononi mwa mama yake mbele ya kamera. Wachambuzi wengi walimsema kwa hilo, kwamba hana moyo wa kiongozi. Sikukubaliana nao hata kidogo. Mtoto wa miaka 21 aliyeibeba timu ikamponyoka, akaenda kwa mama yake: huyo anajali. Kosa lake halikuwa machozi, lilikuwa kuushika mpira muda mrefu.

Daniels alikuwa na kasoro tofauti. Alikuwa na urefu wa mita 1.92 na kilo 95 tu, na hakuwa anajua kujilinda. Anakimbia kama swala, kisha badala ya kuteleza chini kabla ya kupigwa, anaongeza yadi mbili na kupokea bega la kifuani. Hata hivyo alikuwa ameanza mechi 55 za chuo, Arizona State kwanza kisha LSU, na unaweza kuiona tofauti ya kila mwaka. Kule LSU alikuwa anavaa miwani ya uhalisia pepe na kujisomesha safu za ulinzi, mchezo ukienda kwa kasi kuliko ya uwanjani, ili siku ya mechi kila kitu kionekane cha polepole. Kijana anayejua udhaifu wake na anaufanyia kazi peke yake chumbani, mimi humpa alama za ziada.

Oktoba 27, 2024 walikutana. Williams aliipeleka Chicago mbele 15-12 zikiwa zimebaki sekunde 25. Mchezo wa mwisho, Daniels, ambaye mbavu zake zilikuwa zinauma wiki nzima na ilikuwa haijulikani kama atacheza, aliupokea mpira, akarudi nyuma, akakimbia kulia, akarudi kushoto, akazunguka tena. Ile ni hali ambayo kwotabeki wengi hurusha kwa kuogopa. Yeye aliwasubiri wenzake wafike, akaurusha juu kwa nguvu zote. Mpira ukaguswa na lundo la mikono, ukadondoka nyuma ya lundo, na Noah Brown alikuwa amesimama pale peke yake. 18-15. Shemeji hakupokea simu yangu siku mbili. Chicago walipoteza mechi kumi mfululizo kuanzia siku ile, na Williams aliangushwa na mpira mkononi mara 68 msimu huo. Ukuta wake ulikuwa dhaifu, ndiyo, lakini sehemu ya zile 68 ilikuwa lile tatizo la Oregon nililolieleza.

Daniels aliifikisha Commanders kwenye mechi moja kabla ya Super Bowl, fainali ya NFL, katika mwaka wake wa kwanza, akakimbia yadi 891, rekodi kwa kwotabeki wa mwaka wa kwanza. Ukiishia hapo, hesabu imefungwa. Lakini msimu wa 2025 aliumia goti, akaumia paja, kisha Novemba mkono wake wa kushoto ukateguka kiwikoni dhidi ya Seattle, mechi ikiwa imeshapotea zamani. Alicheza mechi saba tu. Kile kilo 95 zilichokuwa zinasema chuoni kilisemwa tena kwa sauti kubwa. Wakati huo huo Chicago walimleta kocha Ben Johnson, aliyemfundisha Williams kuuachia mpira mapema. Kuangushwa kukapungua sana, Bears wakalichukua kundi letu. Na mimi nililazimika kumpigia shemeji kumpongeza.

Kwa hiyo kati ya wawili hawa: kama una kocha mwenye mamlaka na subira, Williams. Kama unataka kushinda mwaka huu na una uwezo wa kumlinda, hata kwa kumfokea ateleze chini, Daniels. Usimchukue Daniels halafu ukamwandalia mchezo wa kukimbia mara kumi na mbili kila wiki.

McCarthy na Maye

Hapa ndipo uchungu wangu ulipo. Vikings walikuwa wanamtaka kwotabeki wa muda mrefu baada ya Kirk Cousins kuondoka, na kila mtu mjini alikuwa anayataja majina haya mawili.

McCarthy alishinda mechi 27 kati ya 28 alizoanza Michigan na akauchukua ubingwa wa taifa Januari 2024. Ni rekodi ya kushangaza, na waliokuwa wanamtetea walikuwa wanaitaja kabla ya kitu kingine chochote. Ana miguu mepesi, anarusha mpira kwa kasi kali katikati ya uwanja, na siku chache zile alizoulizwa swali gumu, hasa mwishoni mwa mechi ya nusu fainali dhidi ya Alabama, alilijibu. Tatizo ni neno "chache". Ukiwa na ulinzi bora nchini na Corum nyuma yako, robo ya nne unakuwa mbele na unakabidhi mpira. Hapo asiyekosea si lazima awe bora. Inawezekana hakutumwa kwenye kona ya makosa.

Maye alitumwa huko kila wiki. Msimu wa 2022 alirusha yadi 4,321 na tachidauni 38. Kisha mratibu wa mashambulizi akahamia chuo kingine, mpokeaji wake bora Josh Downs akaenda NFL, na mpokeaji mpya aliyetegemewa akazuiwa kucheza mpaka Oktoba kwa utata wa kuhama chuo. Namba zake za 2023 zikashuka, na watu wakasema ameshuka yeye. Mimi niliona maswali yamepanda. Aliendelea kujaribu pasi za kwenye tundu la sindano, nyingine zikanaswa, lakini mtu wa mita 1.94 na kilo 101 anayesimama imara huku akijua anakuja kupigwa, na bado anautupa mpira yadi 25 kwenye mstari wa pembeni, hapatikani kila mwaka. Mechi alizoanza ni 26 tu, mbili pungufu ya McCarthy. Kwa idadi wako sawa. Kwa uzito wa mtihani, hawakaribiani.

Kuhusu idadi ya mechi nina neno moja kwa ajili ya shemeji. Chicago walikuwa na kidonda cha 2017, walipompandia Mitchell Trubisky namba mbili akiwa ameanza mechi 13 tu, huku Patrick Mahomes, aliyekuja kuwa nyota mkubwa wa NFL, akisubiri mpaka namba kumi. Trubisky naye alitoka North Carolina. Nilisikia watu wa Chicago wakisema hawataki tena mtu wa chuo kile, kana kwamba kosa lilikuwa jezi. Kosa lilikuwa kununua kabla ya kuona.

Maye alienda New England namba tatu, kwenye timu mbovu iliyomaliza na ushindi mara nne. Mwaka wa pili, chini ya kocha Mike Vrabel, alikamilisha asilimia 72 ya pasi zake, timu ikamaliza 14-3 na kufika Super Bowl. Kwenye fainali hiyo timu ya Seattle ilimbana na kumwangusha vibaya ikashinda 29-13, na udhaifu wake wa kungoja sana ulionekana wazi. Bado namwona ndiye jibu la swali la shemeji. Usiku ule wa zamu nilimwambia "Daniels, halafu Maye." Leo ningeyageuza majina hayo.

McCarthy alichukuliwa na sisi, namba kumi. Gegedu ya goti ikachanika mechi ya kwanza ya maandalizi, mwaka wote ukapita. Sam Darnold, ambaye alikuwa ameshahesabiwa kuwa amefeli New York na Carolina, akashika nafasi yake na kushinda mechi 14. Vikings wakamwacha aende Seattle ili kumpisha kijana. Ndiye Darnold aliyemfunga Maye kwenye Super Bowl ile. Nilikaa sebuleni nikamwangalia akinyanyua kombe, na nilifurahi kwa ajili yake na kuumia kwa ajili yetu kwa wakati mmoja. Mtu yule yule aliyeshindwa kwenye nyumba mbili alifika juu kwenye ya tano. Anayelinganisha vijana bila kuzilinganisha nyumba wanakokwenda anaacha nusu ya kazi.

Nix na Penix

Hawa nitawapitia kwa haraka kidogo, kwa kuwa wao walikuwa wakubwa na jibu lao lilikuwa karibu kuonekana.

Nix alianza mechi 61, nyingi kuliko kwotabeki yeyote katika historia ya ngazi ile. Walioangalia Oregon peke yake walisema anarusha pasi fupi tu, mtihani rahisi. Ni kweli kwa Oregon. Lakini kabla yake kulikuwa na miaka mitatu Auburn, akikimbizwa na kuzomewa, na huko ndiko alikojibu maswali magumu, mengi kwa kukosea. Kijana aliyefeli hadharani akahama, akarekebisha, akarudi na mipira mitatu tu iliyonaswa msimu mzima, nampa heshima. Denver walimchukua namba 12 kwa sababu kocha Sean Payton anapenda mpira uachiwe kwa wakati, na kufaa huko kulikuwa kama kanzu iliyokatwa na fundi. Mwaka wa kwanza walifika mtoano. Wa pili walishinda 14, wakawafunga Buffalo, na Nix akavunjika kifundo cha mguu katika mechi hiyo hiyo. Wiki iliyofuata Denver bila yeye walifungwa 10-7 na New England ya Maye.

Penix ana mkono mzuri kuliko Nix, wa kushoto, mpira unatoka kama jiwe la kombeo. Alikuwa wa pili kwenye kura za Heisman. Lakini swali lake mimi nililiona likiulizwa mara moja tu, usiku wa fainali dhidi ya Michigan, walinzi wake walipozidiwa kwa mara ya kwanza: 27 kati ya 51, akanaswa mara mbili, wakafungwa 34-13. Na kuna mwili. Misimu minne kule Indiana yote iliishia kwenye majeraha, goti lile lile mara mbili na mabega. Madaktari walimpitisha, na Atlanta wakamchukua namba nane wiki sita hivi tu baada ya kumpa Cousins mkataba wa dola milioni 180. Hata leo sielewi hesabu hiyo. Novemba 2025 goti lake la pili likaumia. Namwombea arudi, maana anaurusha mpira kwa uzuri ambao unakufanya usimame. Kati yao wawili, Nix, bila kusita.

Kwa hiyo Aprili nyingine ikija na majina mapya, mimi hufanya hivi. Natafuta mechi mbili ambazo timu ya kijana ilikuwa nyuma robo ya nne, na naziangalia nzima bila kuruka. Natafuta mechi moja ambayo walinzi wake walizidiwa. Nahesabu mara ngapi aliuachia mpira kwa mtu wa karibu badala ya kungoja muujiza. Naangalia kama aliumia kwa bahati mbaya au kwa tabia. Kisha naangalia nani kocha anakokwenda, na kama kocha huyo mwenyewe atakuwepo mwaka wa pili. Tuzo na rekodi ya ushindi nazisoma mwisho.

Kuhusu McCarthy wetu bado sijafunga daftari. Septemba 8, 2025, mechi yake ya kwanza ya kweli, ilikuwa Chicago, karibu na nyumbani alikokulia. Kwa robo tatu alikuwa anapotea. Alitoa pasi iliyonaswa na kurudishwa moja kwa moja mpaka tachidauni. Shemeji alikuwa ananitumia ujumbe kila dakika. Kisha robo ya nne, tukiwa nyuma kwa pointi 11, akapata tachidauni tatu, mbili kwa mkono na moja kwa miguu, tukashinda 27-24. Baada ya hapo akaumia kifundo, akaumia kichwa, akaumia mkono, na msimu ukaisha akiwa amenaswa mara nyingi kuliko tachidauni alizorusha. Lakini ile robo ya nne ilikuwa swali gumu, la kwanza gumu nililomwona akiulizwa akiwa na jezi yetu, na alilijibu. Nimeihifadhi ile mechi. Wiki iliyopita nimeiangalia tena kuanzia dakika ya 45, na nimemtumia shemeji picha ya ubao wa matokeo.